Kigari cha wifi kinatuvurugia safari za ukoo

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Uyole, Mbeya. Nimeolewa, nina watoto wawili: wa kike ana miaka mitano, wa kiume bado namnyonyesha. Ukoo wa mume wangu una utaratibu ambao niliukuta nilipoolewa, nikaupenda tangu siku ya kwanza. Mara kadhaa kwa mwaka tunachangishana, tunakodi Costa, wanawake tunaamka usiku kupika, halafu tunaondoka wote, wazee kwa watoto, kwenda kutembea. Tumeshakwenda Kimondo kule Mbozi, tumekwenda Daraja la Mungu Rungwe, na kila Agosti tunakwenda Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Kwetu nilikozaliwa hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Baba alikuwa mtu wa shamba na kanisa, basi. Kwa hiyo siku hizi za ukoo nazithamini kuliko wanavyodhani wenyewe.

Kinachonisumbua ni kigari. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliletewa kutoka Uingereza kigari cha kukokotea watoto, kile cha turubai chenye fremu ya chuma, magurudumu manne, paa la kitambaa na mpini mrefu wa kuvutia. Ana mapacha ambao hawajatimiza miaka miwili, na mkubwa wao ana minne. Tangu kigari kifike, haendi popote bila hicho. Wala hakibebi watoto peke yao. Chini kunapangwa begi la nepi, chupa za maji, mablanketi, mwavuli, viatu vya akiba na midoli, juu yake ndiyo wanakaa watoto wote watatu.

Safari ya Daraja la Mungu alikuja nacho kikiwa kimeshajaa, hivyo hakikuweza kukunjwa. Wakakiingiza kwa mlango wa nyuma kikachukua karibu siti yote ya mwisho. Vijana wawili waliolipa mchango wao kamili wakasimama, na sisi tukapakata masufuria ya wali. Hatujafika hata Kiwira, trafiki akatusimamisha, akaona watu wamesimama. Faini 30,000, ikatoka kwenye fungu la soda za watoto.

Tulipofika, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Majani yameloa, na ule udongo wa Rungwe ukashika kwenye magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka. Mume wangu na shemeji zangu watatu wakakishika kona nne, wakakinyanyua watoto wakiwa humo humo. Nyuma yao mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, akawa anateremka mwenyewe kwa fimbo. Hakuna wa kumshika mkono, maana wanawe wote wa kiume wako kwenye kigari. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na hotipoti mkononi. Mama hakusema neno, lakini sura yake niliiona.

Nane Nane mwaka huu ndiyo ikawa mbaya zaidi. Unajua watu wanavyojaa siku ya kilele. Kila tukitaka kupita kati ya mabanda lazima tuombe njia, watu wananuna. Mama mmoja aliyekuwa amebeba miche ya parachichi alijikwaa kwenye gurudumu, miche ikamwagika, akatutolea maneno mbele ya watoto. Wifi akamjibu. Ikabidi mume wangu alipe ile miche. Binti yangu alichoka, akaomba kupanda, akaambiwa hakuna nafasi na yeye ni mkubwa. Akatembea analia kutoka mabanda ya mifugo hadi getini.

Najua wifi alijifungua kwa upasuaji na mgongo haujakaa sawa tangu hapo, lakini hata sisi wengine tumezaa.

Mume wangu nikimwambia ananijibu, mwache dada, ndivyo alivyo. Mashemeji wananung'unika pembeni, hakuna anayesema. Sasa Desemba ndugu wakija kutoka Dar tunakwenda Matema, michango imeshaanza kukusanywa. Nimemwambia mume wangu kigari kikienda, mimi na wanangu tunabaki. Tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri. Mama, je, nakosea? Na nitalisemaje jambo hili bila kuonekana mke mwenye wivu, ambaye hapendi wifi yake apate kitu kizuri?

Mke wa kaka, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka huku Iringa.

Kuhusu kigari hukosei. Hilo nalisema mapema ili usisome jibu lote ukiwa na wasiwasi. Safari ya ukoo ni ya watu wote waliochanga. Mtu mmoja akija na kitu kinachowasimamisha wengine njiani, kinachotoa hela kwenye fungu la wote, na kinachochukua mikono ya wanaume wote wanne, jambo hilo limeshatoka kwake na limekuwa la ukoo mzima. Kilichoniuma zaidi katika barua yako ni mama mkwe wako kuteremka peke yake kwa fimbo. Mzee mwenye magoti mabovu, kwenye majani yaliyoloa, ndiye aliyestahili mkono kabla ya begi la nepi na midoli. Hapo hakuna mjadala, na sidhani hata wifi yako atabisha akielezwa kwa utulivu. Inawezekana kabisa hakuona. Aliye mbele anavuta, au anawatazama wanaomnyanyulia watoto, hageuki nyuma.

Sasa tukitazame chenyewe, kwa sababu naona watu wengi wanaviona vigari hivi kwenye simu na kuvitamani bila kujua vinafaa wapi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanavitumia kwenye njia za lami na saruji, kwenye bustani zenye nyasi zilizofyekwa, mtu anashusha kutoka kwenye buti ya gari lake mwenyewe na kurudisha humo humo. Hakuna ukoo mzima ndani ya Costa, hakuna sufuria la wali la kupakata. Na hata huko vimeleta kero. Walt Disney World kule Florida na Disneyland kule California, ambako familia zinakwenda kutembeza watoto kutwa nzima, zilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Mei 2019. Vile vigari vya kawaida vya kusukuma watoto viliendelea kuruhusiwa, lakini visizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Sababu waliyotoa ni kupunguza msongamano. Yaani mahali palipojengwa makusudi kwa ajili ya watoto, penye njia pana na laini, wameona vinabana watu. Itakuwaje kati ya mabanda ya Nane Nane siku ya kilele?

Kisha kuna usalama, na hili ningependa wifi yako alisikie kuliko yote. Kigari cha kusukuma, mtoto yuko mbele yako, unamwona. Cha kukokota, mtoto yuko nyuma ya mgongo wako. Akisimama, akichungulia pembeni, akinyoosha mkono kwenye gurudumu, mvutaji hana habari. Ukikata kona ghafla magurudumu ya mbele yanageuka yote upande mmoja na kigari kinakosa uimara, hasa mtoto mkubwa akiwa ameegemea upande huo. Kwenye mteremko ndiyo hatari zaidi: vingi havina breki ya kumsaidia anayetembea, uzito wote unamkimbilia mvutaji kwenye visigino, na akiteleza kinampita. Piga hesabu. Kigari kitupu, vingi vina kilo 10 na kuendelea. Mapacha wa umri huo hukosi kilo 20 kwa wawili. Weka na yule wa miaka minne, weka maji na mablanketi, umeshavuka kilo 45 kwenye udongo wa Rungwe uliolowa. Wale wanaume hawakuwa wanamdekeza dada yao walipokinyanyua. Kisingeweza kushuka salama kwa namna nyingine, ingawa watoto walipaswa kuteremshwa kwanza. Wanaume wanne wakiteleza pamoja, wanaangukia wapi kama si juu ya watoto?

Tena mtoto aliyekaa chini namna ile kwenye umati hafaidi kitu. Wewe unaona ng'ombe wa maziwa na matrekta, yeye anaona magoti ya watu. Na vumbi la Agosti viwanja vile linapigwa na miguu ya maelfu ya watu, yeye uso wake uko kwenye usawa wa vumbi. Mtoto aliye mgongoni au mabegani anaona ulichokwenda kumwonyesha.

Hayo ni ya kigari. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kuna sentensi mbili ulizozipita haraka sana. Mimi nimesimama hapo.

Ya kwanza ni ile ya mgongo wa wifi yako. Umeisema, halafu ukaifunika: hata sisi wengine tumezaa. Mwanangu, hapo sikubaliani nawe. Kuzaa mnazaa wote lakini miili hailingani, na aliyepasuliwa akabaki na maumivu ya mgongo hawezi kufunga mtoto mbeleko akatembea nusu siku, sembuse watoto wawili. Wewe una mmoja mgongoni na mkono mmoja umebaki wa kushika hotipoti. Yeye hana wa kumfunga mgongoni na ana wawili wanaokimbia kila mmoja upande wake. Ningekuwa na mwili huo na watoto hao, ningeshukuru kupata magurudumu. Kabla hujamwambia kiache nyumbani, ni lazima uwe na jibu la swali lake, hata kama hataliuliza kwa mdomo: wanangu nitawabebaje? Ukoo ambao haujalijibu hilo hauna haki ya kumnyang'anya kigari. Na kama siku moja kungekuwa na mtoto kati yenu mwenye ulemavu wa viungo, asiyeweza kutembea mwendo mrefu, ningekwambia mengine kabisa: chombo cha mtoto huyo kipandishwe kwanza, masufuria yafuate.

Ya pili ni binti yako. Alilia kutoka mabanda ya mifugo hadi getini. Umeliweka katikati ya habari ya miche ya parachichi kana kwamba ni jambo dogo, lakini nadhani ndilo lililokufanya uandike. Aliyemwambia hakuna nafasi ni shangazi yake. Mtoto wa miaka mitano hajui habari za uzito wala za mgongo. Anachojua ni kwamba mwenzake wa miaka minne amekaa, yeye anatembea, na shangazi mwenyewe ndiye aliyekataa. Kwetu shangazi ni baba wa kike, mtoto akiachwa na shangazi anaumia kuliko kuachwa na mtu baki. Una haki ya kuumia kwa niaba yake. Ila hilo ni jambo la peke yake, ulitenge na la kigari. Ukiyachanganya, wifi yako atasikia moja tu, kwamba unataka wako naye apandishwe, na hapo ndipo lile neno wivu litakapopata mahali pa kukaa.

Kwa hiyo utasemaje? Usiliandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kule litasomwa na ndugu wa Dar ambao hawakuwepo, kila mmoja ataongeza lake, na wifi atajikuta anashitakiwa na watu ishirini kwa wakati mmoja. Usilipeleke kwa mama mkwe kwanza. Utamweka mama kati ya binti yake na mke wa mwanawe, naye alikwisha kuchagua kunyamaza. Na usimwachie mume wako peke yake, maana kaka akimwambia dada yake kigari chako kinatusumbua, jibu litakuja kwako: mkeo ndiye kakutuma.

Nenda nyumbani kwake mwenyewe, siku ya kawaida, mtoto mgongoni. Usiende mikono mitupu, peleka hata mkungu mdogo wa ndizi. Msaidie kazi aliyonayo, kwa sababu mwenye mapacha hakosi kazi, halafu anza na mgongo wake. Muulize unaendeleaje, na usubiri jibu lote. Kisha mwambie kwa maneno kama haya: Wifi, nimekuja tuzungumze ya Matema kabla kikao hakijakaa. Safari iliyopita mama aliteremka peke yake kwa fimbo kwa sababu kaka zako wote walikuwa wamebeba kigari, na mimi nilishindwa kumsaidia. Nimeona vibaya. Nataka tupange mimi na wewe watoto watabebwa na nani, ili safari hii mikono ipatikane ya mama na ya watoto pia. Umeona hapo hujasema kigari chako kibaya, wala kwamba watu wananung'unika. Manung'uniko ya watu wengine usiyapeleke kamwe. Kila mtu aseme lake.

Halafu uwe na mpango wa kweli mkononi. Mabinti wakubwa wa ukoo huo, wale wa sekondari, hawakosekani Desemba, shule zimefungwa. Wawili wapewe mapacha, kila mmoja na mtoto wake na mbeleko yake, kuanzia kushuka kwenye Costa hadi kupanda, na wajue tangu nyumbani kwamba hiyo ndiyo kazi yao ya siku, wasipewe na kuosha vyombo juu yake. Kijana mmoja mwenye nguvu apewe mama mkwe. Huyo hashiki kitu kingine chochote, hata sufuria. Yule wa miaka minne na binti yako washikane mikono watembee pamoja, na wakichoka wapokezane mabega ya wajomba na baba zao. Mizigo ya wifi iingie kwenye begi la kubeba mgongoni ambalo mwanaume mmoja anaweza kulichukua. Nepi, maji, nguo ya kubadilisha. Viatu vya akiba vya watoto watakaobebwa mgongoni vina kazi gani?

Kuhusu Matema yenyewe, niseme kitu ambacho huenda hukukitarajia: nadhani kigari kinaweza kwenda. Mtatoka Uyole kwenye baridi, mtateremka zaidi ya mita 1,000 mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Joto la Kyela mwezi Desemba unalijua, na watoto wadogo waliozoea ubaridi wa Uyole wanalegea upesi. Kigari chenye paa, kikiwekwa chini ya mti, ni mahali pazuri pa mapacha kulala mchana, na hata huyo wako wa kunyonya anaweza kupata kona. Kukikokota ndiyo isiwepo. Magurudumu membamba yanazama kwenye mchanga, mtavuta mpaka mpini ung'oke. Kishushwe, kikunjuliwe sehemu moja, kikae hapo hadi jioni, na magurudumu yawekewe mawe mbele na nyuma, kwa sababu ufukwe unateremka kuelekea majini na kigari chenye mtoto aliyelala hakitakiwi kuachwa kijitegemee. Mtu mzima akae hapo. Wakati wote.

Na kisafiri kikiwa kitupu, kimekunjwa, kimefungwa kamba juu ya keria pamoja na mikeka. Hilo liamuliwe na kikao na liwe sheria ya vitu vyote vikubwa, siyo kigari tu: viti vya kukunja, spika, makreti ya soda. Siti ni ya mtu aliyelipia. Kitu kisichokaa kwenye keria wala chini ya miguu kinabaki nyumbani, au mwenye nacho anakilipia siti. Mweka hazina alitangaze siku ya kukusanya michango, kabla Costa haijalipiwa, ili asubuhi ya safari pasiwe na wa kubishana na konda. Sheria ikishakuwa ya wote, wifi hatajiona amelengwa. Kama Costa mnayoipata haina keria, basi kigari hakiendi. Zile zaidi ya kilomita 100 mpaka ziwani, zenye kona na miteremko ya Tukuyu, sikubali mtu azisafiri amesimama kwa sababu ya turubai, faini iwepo isiwepo.

Safari nyingine mtaamua kwa kuangalia ardhi ya mnakokwenda. Kimondo, pale tambarare na mwendo ni mfupi, wala sioni ubaya wa kukikokota, na kikifika pale kinaweza kubeba chakula cha wote. Ziwa Ngozi, msitu, mizizi, na ule mwinuko mkali wa mwishoni: hapana kabisa, na mapacha wenyewe wasubiri wakue. Mkija kwetu Iringa mkateremka Isimila kwenda kuziona zile nguzo za udongo, mtakuta njia inashuka na chini ni mchanga wa mkondo wa maji, kigari kibaki kwenye gari. Nane Nane, siku ya kilele kibaki nyumbani. Kama wifi anakihitaji sana, nendeni mojawapo ya siku za mwanzo, watu wakiwa bado wachache. Maonyesho ni yale yale na watoto wataona mifugo vizuri zaidi.

Lile la binti yako liseme siku nyingine, si siku ya kigari. Ni maneno machache: Wifi, mwanao mdogo aliumia siku ile ya Nane Nane, anakupenda, mwite. Mwite mwanao, maana ndivyo alivyo. Usidai aombwe radhi. Shangazi mwenye akili atajua la kufanya, na kama wakati wa Matema wataamua kukaa watoto wote kwa zamu kwenye kigari kile kikiwa kimesimama chini ya mti, huyo wa miaka mitano awe na zamu yake kama wenzake.

Inawezekana pia akakataa, akasema mnamwonea. Mwenye maumivu ya muda mrefu na watoto watatu huwa mwepesi kuona anaonewa. Usibishane naye. Mwambie umemsikia, ondoka kwa amani, na hapo ndipo mume wako aingie, aende na kaka yake mkubwa, wazungumze habari ya mama yao na ya siti, wasikutaje wewe. Kumwambia mwache dada, ndivyo alivyo, si jibu la mwanaume ambaye mama yake alikosa mkono wake. Hilo nalo mwambie, kwa upole, mkiwa wawili.

Ila lile la kubaki nyumbani na watoto, liondoe. Umeniambia mwenyewe unavyozithamini siku hizi, na kwamba kwenu hazikuwepo. Ukibaki, kigari kitakwenda, ukoo utasema ni wivu, na binti yako atakosa ziwa. Mwambie mume wako leo jioni kwamba Matema unakwenda, kigari kiwepo kisiwepo, na kwamba kabla ya kikao utampitia dada yake nyumbani kwake mzungumze wanawake wawili.